Kabla hujatoa dola zako: miwani ya video na kaske ya VR ni vitu viwili

Mhariri_Kamalondo (Lubumbashi)

Jambo yenu, ndugu zangu.

Naandika kwa sababu ya kijana mmoja tunayefanya naye kazi ya kupiga video za arusi hapa Kamalondo. Alicheza likelemba (kuchangiana pesa kwa zamu) miezi minne, na zamu yake ilipofika akanunua kaske ya VR, ile ya kuvaa usoni ikakuingiza kwenye dunia ya kuchorwa na kompyuta, iliyokwisha kutumika. Hesabu yake ilikuwa hii: kompyuta yake ina skrini ndogo, nyumba ni chumba kimoja, mtoto analala mapema. Akivaa kaske, atafanya montaji (kukata na kuunganisha video) usiku kwenye skrini kubwa kama ukuta, bila mwanga kumwamsha mtu. Wiki ya pili akawa anatafuta wa kumwuzia. Kaske ilikuwa nzima, haina kasoro hata moja. Alichohitaji ni miwani ya video, na tangu aanze kuulizia bei hakuna muuzaji aliyemwambia kwamba hivyo ni vitu viwili.

Iliniuma, maana vyote viwili nimevitumia na angeniuliza ningemwambia. Basi nawaambia ninyi.

Miwani ya video, wengine wanaiita miwani ya sinema, ni skrini mbili ndogo sana, moja mbele ya kila jicho, na lenzi zinazoifanya picha ionekane kubwa na iko mbali. Unaichomeka kwenye simu au kompyuta, nayo inaonyesha kile ambacho televisheni ingeonyesha. Ukigeuza kichwa, picha inageuka pamoja nawe, kama ukingo wa kofia.

Kaske ya VR nayo ina skrini na lenzi, lakini kazi yake kubwa iko kwingine. Muda wote inapima kichwa chako kiko wapi na kimeelekea wapi, kisha inachora picha upya ili vitu vilivyo ndani vibaki mahali pake. Ukigeuka kushoto unaona kilichoko kushoto. Ukiinama unaona chini ya meza. Wahandisi wanataka muda kati ya shingo kusogea na picha kubadilika usizidi milisekunde 20, kwa sababu ukirefuka zaidi ya hapo tumbo linaanza kuchafuka.

Njia hizi mbili ziliachana zamani sana, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mwaka 1960 Mmarekani Morton Heilig alipata hataza ya kifaa cha kuvaa usoni: picha mbili ndogo za televisheni zenye kina, na sauti masikioni. Kifaa hicho hakikujua kichwa cha mtu kimegeukia wapi. Mwaka 1968 Ivan Sutherland akatengeneza chake, kizito mpaka kikaning'inizwa kwenye dari, na mkono wa chuma uliofungwa kichwani ukawa unapima mtazamaji anaangalia wapi ili mistari iliyochorwa na kompyuta ibadilike. Ukitaka ukoo, Heilig ni babu wa miwani na Sutherland ni babu wa kaske. Glasstron ya Sony ya 1996 na HMZ-T1 ya 2011 ni wajukuu wa upande wa kwanza, na miwani nyepesi za leo kama Xreal, Rokid na Viture ni vitukuu. Oculus Rift, ile iliyochangiwa pesa na watu kwenye Kickstarter mwaka 2012 na kufika madukani 2016, ni ya upande wa pili, pamoja na Quest zote zilizofuata.

Kwa hiyo mtu akikuambia kaske ni miwani iliyoendelea, mwambie asubiri kwanza. Ulizeni, nitajibu ninachokijua.


MwanaKadutu (Bukavu)

Yaya, mkubwa wangu, aksanti kwa maelezo, lakini hapo kuna kitu sikielewi. Nimesoma kwenye boksi: Quest 2 ina pikseli, zile nukta za picha, 1832 kwa 1920 kwa kila jicho. Miwani hizo unazosema zina 1920 kwa 1080. Ukizidisha, kaske ina karibu mara mbili. Sasa picha ya kaske inakuwaje mbaya kuliko ya miwani? Na bei ya iliyotumika ni karibu sawa.


Mhariri_Kamalondo (Lubumbashi)

Mdogo wangu, swali lako ndilo lililompoteza yule kijana, kwa hiyo nitalijibu polepole.

Chukua kopo moja la rangi. Ukipaka nalo mlango, rangi inakolea. Ukipaka nalo ukuta wote wa lupango, matofali yanachungulia. Pikseli ni hivyohivyo. Kaske inataka kukuzunguka, kwa hiyo inatandaza pikseli zake kwenye upana wa digrii kama 90 au zaidi. Miwani inazibana kwenye digrii kama 40 tu. Usihesabu pikseli zote kwa jumla. Hesabu ni ngapi zinaangukia kila digrii moja ya jicho lako.

Jicho zima lenye afya hutofautisha kama pikseli 60 kwa digrii. Xreal Air ya 2022 ina upana wa digrii 46 kutoka kona hadi kona, ambazo ukizipima kwa mlalo ni kama 40. Gawa 1920 kwa hizo, unapata kama 47. HMZ-T1, ambayo ilikuwa na pikseli 1280 kwa 720 na digrii 45, inafika kama 32. Quest 2 iko kwenye 20 hivi. Quest 3 ya 2023, yenye 2064 kwa 2208 kwa kila jicho, iko kwenye 25. Umeona? Kwa jambo hili moja, kifaa cha 2011 kinakipita cha 2023.

Sasa weka filamu. Ndani ya kaske unakaa kwenye ukumbi wa kuchorwa, na skrini iko mbele yako ikichukua, tuseme, digrii 40. Arobaini mara ishirini ni mia nane. Filamu uliyolipia megabaiti kuipakua kwa pikseli 1920 inakufikia kwa 800. Nyingine zote zinachora viti, dari na giza la pembeni. Unaweza kuivuta skrini karibu, lakini kwenye Quest 3 itabidi ifike digrii 77 ndipo pikseli 1920 zote zipate mahali, na hapo shingo inahangaika kushoto na kulia kama ya mtu aliyekaa benchi la mbele kabisa.

Nikuonyeshe nilivyogundua mwenyewe. Mwanzo wa video ya arusi tunaweka majina ya bwana na bibi kwa herufi za kujikunja, rangi ya dhahabu, juu ya picha ya maua. Nilikuwa nimevaa kaske, saa sita usiku, mvua inapiga bati mpaka sauti ya video siisikii. Mkia wa herufi "y" katika jina la bibi arusi ulikuwa umekatika vipande, kama shanga zilizotoka kwenye uzi. Nikafikiri faili limeharibika. Nikarudia kutoa faili mara mbili, dakika arobaini kila mara, umeme wa betri unaisha. Kisha nikavua kaske na kufungua ileile faili kwenye skrini ndogo ya kompyuta: mkia umenyooka, hauna tatizo. Baadaye, kwenye miwani, niliona hata mshono wa kitambaa kwenye bega la msimamizi wa arusi.

Lakini nisije nikakudanganya upande wa pili. Matangazo ya miwani yanasema skrini ya inchi 130. Ni kweli, kama unaiwazia iko mita nne mbele yako. Ukipiga hesabu ya pembe, ni sawasawa na kukaa mita moja mbele ya televisheni ya inchi 32. Nenda kwa jirani mwenye televisheni hiyo, kaa mita moja, tazama. Ndicho utakachopata, na kwangu kinatosha sana. Anayetarajia ukuta wa sinema ataona amepunjwa.


Mkufunzi_Kolwezi

Ndugu Mhariri, hesabu zako ni sawa, ila unawapa watu picha kwamba kaske ni televisheni mbovu. Nataka niitetee, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Nafundisha usalama kwa madereva wa malori makubwa ya mgodini. Lori lile tairi lake linampita mtu kwa urefu. Kuna sehemu kubwa kuzunguka lori ambazo dereva aliyeko juu hawezi kuziona, na watu hufa hapo. Miaka mingi tulifundisha kwa video na mchoro ubaoni. Wanafunzi wanaitikia, "ndiyo, mwalimu, tumeelewa." Tulipopata kaske, nilimkalisha mzee mmoja, dereva wa miaka mingi, kwenye kiti cha dereva cha kuchorwa. Nikamwambia: kuna mtu karibu na gari lako, mtafute. Akatazama kioo cha kushoto, cha kulia. Akainuka kwenye kiti, akanyoosha shingo nje ya dirisha. Hakumwona. Nikampeleka chini. Akatembea hatua nne pale ukumbini, akachuchumaa, akainamisha kichwa kutazama nyuma ya tairi la mbele, na mtu alikuwa pale, amesimama na kofia yake ya njano. Mzee alibaki amechuchumaa muda mrefu. Alipovua kaske aliniambia kwamba miaka yote alikuwa anapiga honi na kuondoka.

Hiyo hatua ya kuchuchumaa, miwani yako haiwezi kuitoa hata ikiwa na pikseli 60 kwa digrii. Na herufi za dhahabu sizihitaji. Nahitaji mtu ajue lori ni kubwa kiasi gani kwa mwili wake.


Mhariri_Kamalondo (Lubumbashi)

Mkufunzi, aksanti sana. Nimeisoma mara mbili. Sina la kupinga, na naomba kila anayesoma uzi huu asome ujumbe wako kabla ya wangu.

Swali la kwanza la mnunuzi basi lingekuwa hili: picha ninayotaka kuiona inahitaji kujua kichwa changu kiko wapi? Lori lako linahitaji. Filamu haihitaji, kwa sababu aliyeipiga alishachagua pa kusimama. Mechi ya mpira iliyorekodiwa haihitaji. Montaji haihitaji.

Kuhusu mechi, niongeze jambo la uzito. Papa yangu ana miaka zaidi ya sabini na shingo yake haina nguvu. Nilimwekea mechi ya Mazembe na Internacional ya Brazil, ile ya Abu Dhabi ya tarehe 14 Desemba 2010, tulipowapiga mbili kwa bila na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Kwenye kaske alikaa dakika kumi akaomba nimvue, mashavu yana alama. Quest 2 ina gramu 503, Quest 3 gramu 515, na karibu zote ziko mbele, zinavuta uso chini. Xreal Air ina gramu 79. Kwenye miwani aliitazama mechi yote. Goli la Kaluyituka lilipoingia aliinuka na miwani usoni, waya unaning'inia, akawa anatafuta kwa mkono mtu wa kumshika bega.


Mama_Himbi (Goma)

Habari zenu. Mimi ni mama wa watoto watatu, si mtaalamu. Kaka Mhariri, maswali yangu ni mawili. Mtoto wangu wa miaka minane ameona kaske kwa binamu zake na haniachi usiku wala mchana. Nimwachie? Na mimi mwenyewe navaa miwani ya macho, kasoro tatu na nusu (-3.5) macho yote mawili. Hivi vitu vinavaliwa juu ya miwani?

Halafu niwaambie la huku kwetu. Vumbi la Goma ni la mlima, ni mawe meusi yaliyosagwa. Linakwaruza kila kitu. Lenzi za miwani yangu ya macho sifuti kwa nguo hata siku moja, nazimwagia maji kwanza. Nadhani na hizo zenu ni vilevile.


Mhariri_Kamalondo (Lubumbashi)

Mama, heshima kwako. Nianze na hilo la vumbi kwa sababu sikulifikiria na ni kweli kabisa. Lenzi za kaske nyingi ni za plastiki, laini kuliko kioo. Pulizia kwanza kwa kipulizo cha mpira, kisha futa kwa kitambaa cha miwani, taratibu, kutoka katikati kwenda nje. Ukianza kwa kufuta, umelisugua jiwe kwenye lenzi.

Mtoto: Meta wenyewe, wanaotengeneza Quest, wameweka umri wa chini kuwa miaka 10, na kabla ya 2023 ilikuwa 13. Miaka minane bado. Kuna sababu unayoweza kuipima kwa rula: macho ya watu wazima yameachana kama milimita 63 kwa wastani, na Quest 2 ina nafasi tatu tu za lenzi, milimita 58, 63 na 68. Watoto wengi wa umri huo macho yao yako karibu zaidi ya hapo, kwa hiyo kila jicho linatazama pembeni mwa lenzi badala ya katikati, na linajikaza. Mwambie amefungiwa na waliotengeneza, si na mama.

Kuhusu macho yako: kwenye kaske nyingi unaweza kuvaa miwani yako ndani, kukiwa na kipande cha kuongeza nafasi ili lenzi zisigusane. Zikigusana, kwa vumbi lenu, zote mbili zitakwaruzika. Kwenye miwani za video huwezi kuvaa juu ya nyingine kwa raha, lakini baadhi zina gurudumu dogo la kurekebisha. Rokid Max, kwa mfano, inatoka 0 hadi kasoro 6, kwa hiyo kasoro tatu na nusu yako imo ndani. Ila kama daktari ameandika pia namba ya astigimatizimu (jicho lisilo duara sawasawa), gurudumu halirekebishi hiyo. Hapo unaagiza vilenzi vya kupachika, vilivyokatwa kwa cheti chako cha macho.


Fundi_wa_Kenya (Lubumbashi)

Mimi niko komini ya Kenya, ya hapahapa Lubumbashi, natengeneza simu na kompyuta. Mambo mawili, kwa sababu ndiyo yanayoletwa kwenye meza yangu.

La kwanza, jua. Mtu ananiletea kaske, anasema ina doa la njano katikati ya picha, halitoki. Namwuliza: uliiacha wapi? Juu ya meza, karibu na dirisha, lenzi zikitazama juu. Ndugu zangu, lenzi ile ni kioo cha kukuzia. Mlikuwa wadogo, mlichoma karatasi kwa kioo na jua. Jua la Septemba hapa Lubumbashi likiingia kwenye lenzi linakusanyika na kuwa nukta moja kwenye skrini, na muda mfupi tu unatosha. Mmoja alifungua kaske mbele yangu: doa lilikuwa dogo kama punje ya mtama, lina duara ya kahawia pembeni na mkia mrefu uliopinda, kwa sababu jua lilikuwa linatembea na nukta inatembea nalo. Skrini imekufa, na kipuri huku hakipatikani. Ukivua kaske, geuza lenzi chini au funika kwa kitambaa. Usiivae nje mchana.

La pili, simu. Hili ndilo linawalia watu pesa kwenye miwani. Kuwa na tundu la USB-C hakutoshi. Tundu lazima liwe linatoa picha, kitu kinachoitwa DisplayPort. Simu nyingi za bei ya chini na ya kati zina tundu lilelile kwa umbo, lakini ndani nyaya za picha hazijaunganishwa. Samsung za Galaxy S kuanzia S8 ya 2017 zinatoa. iPhone zinatoa kuanzia 15, ya 2023, ndiyo ya kwanza kuwa na USB-C. Kwa nyingine usimwamini muuzaji, pima. Tafuta adapta ya USB-C kwenda HDMI, ichomeke kwenye simu yako na kwenye televisheni yoyote. Televisheni ikionyesha simu yako, miwani nayo itaonyesha. Ikibaki nyeusi, rudisha pesa mfukoni.


MwanaKadutu (Bukavu)

Aksanti fundi, kesho naenda kupima. Yaya Mhariri, na yale maboksi ya kuweka simu ndani? Hapa Bukavu yanauzwa bei ya soda chache tu.


Mhariri_Kamalondo (Lubumbashi)

Yale yalianza na Cardboard ya Google mwaka 2014, na Google wenyewe wameacha kuyauza. Simu inagawanywa nusu kwa nusu. Kama simu yako ina 1600 kwa 720, kila jicho linapata 800, zinatandazwa kwenye digrii karibu 90, ni pikseli tisa kwa digrii. Mara moja kumwonyesha mdogo wako maana ya kugeuka na kuona nyuma, sawa. Filamu nzima, hapana.


Msafiri_Likasi

Nimesafiri na zote mbili kwenye basi la Lubumbashi kwenda Kolwezi. Kaske ilinishinda kabla hatujafika Likasi. Basi likikata kona, kaske inadhani ni mimi niliyegeuka, skrini inakwenda zake dirishani na unaifuata kwa shingo. Kuna hali ya safari kwenye baadhi ya kaske, inasaidia kidogo kwenye njia iliyonyooka. Miwani inakaa mbele yako hata basi lipinde vipi. Lakini kwenye mashimo nayo inachosha: masikio ya ndani yanasikia basi linaruka, macho yanaona picha imetulia. Natazama nusu saa, napumzika.

Na mchana miwani inafifia. Ni kioo cha kuona upande wa pili, kwa hiyo sehemu nyeusi ya picha inakuwa dirisha. Filamu ya usiku ndani ya basi la mchana huoni kitu mpaka uweke kile kifuniko cha mbele.


Mhariri_Kamalondo (Lubumbashi)

Kweli kabisa. Na hapo kaske inashinda, kwa kuwa imefunga mwanga pande zote, ingawa weusi wa Quest 2 ni wa kijivu kwa sababu ni LCD, skrini yenye taa nyuma yake, na weusi wa skrini za OLED (kila nukta inajiwakia na kujizima yenyewe) kwenye miwani, ukivalia gizani, ni mweusi kweli.

Umeme, maana nimeulizwa pembeni. Kaske kama Quest 2 ina betri yake, masaa mawili hadi matatu, kisha inasubiri chaji. Miwani nyingi hazina betri, zinakunywa kutoka kwa simu, na zimekalia tundu lilelile la kuchajia. Unahitaji adapta yenye midomo miwili, mmoja wa miwani na mwingine wa pawabenki. Mimi usiku wa kukatwa umeme naendesha miwani na kompyuta ndogo kwa betri ya sola ya nyumba, na haishtuki. Jambo jingine: kaske mpya ikiwaka mara ya kwanza inataka akaunti, programu kwenye simu na intaneti ya kupakua masasisho mazito. Panga vifurushi vyako kabla. Miwani unachomeka tu.


Chuo_Lubumbashi

Naona mnatenganisha sana. Siku hizi miwani zinaanza kupima kichwa. Xreal One ina chipu ndani inayoweza kuibandika skrini mahali pamoja, ukigeuka inabaki pale. Na Apple Vision Pro ya 2024 ina pikseli milioni 23 kwa jumla, watu wanatazamia filamu na kufanyia kazi za maandishi. Mpaka wenu si unafutika?


Mhariri_Kamalondo (Lubumbashi)

Umesema vizuri, na hata zamani kulikuwa na cha katikati: Z800 ya eMagin ya 2005 ilikuwa na kipima kichwa juu ya skrini za OLED za 800 kwa 600. Lakini tazama inavyopima Xreal One: inajua umegeuka au umeinamisha kichwa, peke yake haijui umesogea. Yule mzee wa Mkufunzi angechuchumaa, na tairi lingechuchumaa naye. Tena upana ni digrii 50. Ukigeuka kidogo, skrini inakatwa ukingoni kama unachungulia kwenye tundu la boma. Kwa montaji inanifaa, nabandika skrini ukutani na macho hayachoki. Lori halimo.

Vision Pro inakaribia kuyafanya yote mawili, ni kweli. Ilitoka kwa dola 3,499 huko Marekani, ina zaidi ya gramu 600 kichwani, na betri yake inaning'inia kwa waya mfukoni. Quest 3S ilitoka kwa dola 300, Xreal Air kwa dola 379. Kwa pesa ya ile moja ungenunua hizi mbili na bado ukajenga chumba. Kwa mtu wa likelemba mpaka haujafutika, na ni yeye ninayemwandikia.


MwanaKadutu (Bukavu)

Nimerudi kutoka kwa fundi wa huku Kadutu. Adapta nimeazima. Televisheni imebaki nyeusi. Nimechomoa na kuchomeka mara tatu, nikazima simu na kuiwasha. Nyeusi.


Fundi_wa_Kenya (Lubumbashi)

Pole mdogo wangu. Kompyuta ya chuo unayotumia ina tundu gani? HDMI tupu au USB-C?


MwanaKadutu (Bukavu)

HDMI, ile pana. USB-C haina.


Mhariri_Kamalondo (Lubumbashi)

Basi njia ipo. Kuna adapta za kutoka HDMI kwenda kwenye miwani, zenye mdomo wa pili wa umeme, kwa kuwa HDMI peke yake haiwezi kuilisha miwani. Hakikisha imeandikwa inaingiza HDMI na kutoa USB-C, kwa maana nyingi sokoni zinakwenda upande wa pili, na hazigeuzwi. Usinunue miwani kabla hujaishika adapta hiyo mkononi.

Na yule kijana wetu amempata mnunuzi. Mkufunzi alinitumia ujumbe jana, wanahitaji kaske ya pili kwa darasa. Jumamosi anakuja kuiwasha hapa nyumbani, na kijana atakuja na miwani yangu kujaribu montaji ya arusi ya wiki iliyopita.